Tujifunze Kutunga Hadithi

Katika masomo yaliyopita umejifunza kuandika barua, kujaza fomu na kuweka hesabu ya magunia yako ya mahindi. Hayo yote ni mambo ya lazima. Leo tunapiga hatua nyingine. Tutajifunza kutunga hadithi na kuiandika.

Huenda utasema, "Mimi ni mkulima wa Rudewa. Mimi ni mama ntilie wa Mikumi. Hadithi ni kazi ya watu waliosoma sana." Usiseme hivyo. Soma somo hili mpaka mwisho, kisha uamue.

1. KWA NINI TUTUNGE HADITHI?

Kwanza, jembe lisilotumika hushika kutu. Kusoma na kuandika ni hivyo hivyo. Wapo watu waliohitimu darasa la kisomo, wakaweka daftari juu ya dari, na baada ya miaka michache wakarudi kutia dole gumba. Mtu anayeandika kidogo kila siku hawezi kusahau.

Pili, wilaya yetu ya Kilosa ina hazina kubwa ya hadithi. Wapo Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Wapo wafugaji. Wapo watu ambao babu zao walitoka mbali kuja kukata mkonge Kimamba. Wapo waliokuja na reli. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, na njiani ikapita Kilosa. Wazee wengi walisimuliwa mambo ya siku hizo na wazazi wao. Mzee akifariki bila mtu kuyaandika, mambo hayo huzikwa pamoja naye.

Tatu, hadithi hutusaidia kusema mambo mazito. Mtu akisimama mkutanoni na kusema, "Wanaume wa hapa wanauza mahindi yote na kunywa fedha," ugomvi utazuka. Lakini akisoma hadithi ya mtu wa kubuni aliyefanya hivyo, watu watacheka, kisha watanyamaza, kisha kila mmoja atajitazama.

2. WAANDISHI WALIKUWA WATU WENYE KAZI NYINGINE

Watu wengi hudhani mwandishi ni mtu anayekaa mezani mchana kutwa bila kazi nyingine. Sivyo. Tuwatazame waandishi wanne.

Shaaban Robert alizaliwa mkoani Tanga mwaka 1909. Alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi. Baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyama, katika ofisi ya wilaya huko Tanga, na katika ofisi ya upimaji ardhi. Vitabu vyake aliviandika huku akifanya kazi hizo za kila siku. Kitabu chake "Kusadikika" kilitoka mwaka 1951. Alifariki mwaka 1962, na vitabu vyake vingine, kama "Kufikirika", vilichapishwa baada ya yeye kufariki.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alizaliwa mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya, kisha akawa mhariri wa gazeti la wakulima. Mkaguzi wa afya huingia katika nyumba za watu, huona mengi na kuuliza maswali. Baadaye alimbuni Bwana Msa, mtu anayefumbua mafumbo kwa kutazama mambo madogo ambayo wengine hawayaoni. Hadithi yake "Mzimu wa Watu wa Kale" ilishinda shindano la uandishi na ikachapishwa mwaka 1960.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Aliandika hadithi ndefu sana kwa lugha ya Kikerewe, juu ya mume na mke waliokosa mtoto. Jina la mume ni Myombekere na la mke ni Bugonoka. Ndani yake aliweka kilimo, uvuvi, dawa, ndoa na adabu za watu wa Ukerewe, ili visipotee. Alimaliza kuiandika mwaka 1945, lakini hakupata wa kuichapisha. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilichapishwa mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981. Piga hesabu, ndugu msomaji. Tangu 1945 mpaka 1980 ni miaka 35. Leo kitabu hicho kinasomwa hata katika nchi nyingine kwa lugha nyingine.

Wa nne ni mtu wa kwetu. Penina Muhando alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, wilayani Kilosa. Aliandika michezo ya kuigiza kwa Kiswahili, kama "Hatia" wa mwaka 1972 na "Nguzo Mama" wa mwaka 1982. Alifundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafikia cheo cha profesa. Pamoja na wenzake alikwenda pia vijijini, ambako wanakijiji walichagua shida zao wenyewe, wakazitungia mchezo, wakauonyesha na kuujadili.

Tunajifunza nini kwa watu hawa? Hawakungoja wapate nafasi kubwa. Waliandika juu ya mambo waliyoyajua. Nao hawakuacha.

3. TABIA TANO ZA MTUNZI

Mtu hawi mkulima bora kwa kununua jembe zuri. Huwa mkulima bora kwa kuwahi shamba, kupalilia na kurudia kila msimu. Mtunzi naye hukua kwa tabia. Hizi hapa ni tabia tano.

(a) Kutazama na kusikiliza

Hadithi huanzia machoni na masikioni. Ukiwa stesheni ya Kilosa, tazama jinsi mtu anavyoaga. Mmoja hupunga mkono. Mwingine hujifanya anafunga mzigo ili asionekane analia. Ukiwa Mikumi kando ya barabara kuu ya Iringa, sikiliza dereva wa lori akibishana na muuza mahindi ya kuchoma. Mpitaji mwingine huona lori tu. Mtunzi hujiuliza: dereva huyu ametoka wapi? Nani anamngoja nyumbani? Ana haraka ya nini?

Uwe na daftari dogo la kutia mfukoni au kufunga kwenye pindo la khanga. Andika neno moja au mawili tu, usije ukasahau. Kwa mfano: "Bibi anahesabu sarafu mara tatu." "Mtoto amevaa viatu vya babake." Hizo ni mbegu. Siku moja moja kati yake itaota.

(b) Kuandika kidogo kila siku

Haba na haba hujaza kibaba. Ukiandika nusu ukurasa kila siku, kwa mwaka mmoja utakuwa na kurasa zaidi ya 180. Hicho ni kitabu.

Chagua saa yako. Wengine huandika alfajiri kabla ya kwenda shamba. Wengine huandika wakati maharage yanachemka. Wakati wa palizi kazi ni nyingi na mwili huchoka. Basi andika mistari mitatu tu, lakini usiache. Ukiruka siku moja, usijilaumu. Endelea siku inayofuata.

Usingoje mpaka ujisikie vizuri. Mkulima hangoji ajisikie vizuri ndipo apande. Mvua ikinyesha, anapanda.

(c) Kusoma kazi za wengine

Mpishi mzuri huonja vyakula vya wengine. Soma hadithi, magazeti na vitabu vya watoto wako wa shule. Ukienda Morogoro mjini, ingia katika Maktaba ya Mkoa. Unapoipenda hadithi, irudie mara ya pili. Mara hii tazama imejengwaje. Imeanza wapi? Shida imeingia lini? Mwandishi amekuficha nini mpaka mwisho?

Waulize pia wazee wakusimulie. Msimuliaji mzuri anayesema "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" ni mwalimu wa kutunga. Tazama mahali anapopunguza sauti na mahali anaponyamaza. Ukiwa na simu inayonasa sauti, mwombe ruhusa kwanza, kisha nasa maneno yake.

(d) Kuwasomea wenzako

Mtu hawezi kuona kisogo chake. Soma hadithi yako kwa sauti mbele ya wanakisomo wenzako. Mahali watakapopiga miayo, hadithi ina uvivu. Mahali watakapouliza "Kisha ikawaje?", hadithi ina nguvu.

Wewe unayesikiliza, usimcheke mwenzako. Mwambie kwanza sehemu uliyoipenda. Kisha mwambie sehemu usiyoielewa. Usimwambie tu "nzuri", wala usimwambie tu "mbaya". Maneno hayo mawili hayamsaidii.

(e) Kuandika upya

Unga wa kwanza una pumba. Lazima uchekechwe. Hadithi ya kwanza nayo ina maneno ya ziada. Iweke siku tatu, kisha isome tena. Futa yasiyo na kazi. Ongeza yaliyopungua. Usione haya kufuta. Waandishi wakubwa hufuta pia.

4. TUONE MFANO

Hapa kwetu Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Tangu hapo watalii wengi wamefika kuona wanyama. Lakini wakulima wa vijiji vya karibu wanajua jambo jingine: wanyama nao hufika kuona mashamba. Tutunge hadithi juu ya jambo hilo. Watu wa hadithi hii ni wa kubuni.

Mtu akiandika mara ya kwanza anaweza kuandika hivi:

"Hapo zamani palikuwa na mama mmoja. Alikuwa maskini sana. Alilima mahindi. Tembo wakaja wakala mahindi. Mama alisikitika sana. Hadithi yangu imekwisha."

Je, hadithi hii ni mbaya? Hapana, ni mbegu. Lakini haijaota. Hatumwoni mama huyo. Hatujui anataka nini. Hatujui aliamua nini. Basi tumwulize mtunzi maswali manne:

Mtu huyu ni nani?
Anataka nini?
Nini kinamzuia?
Ataamua nini, na atalipa gharama gani?

Mtunzi anafikiri, kisha anajibu. Huyu ni Mama Tatu. Anataka kuokoa shamba lake, na anataka pia mwanawe Hamisi afaulu mtihani. Lakini usiku huu lazima mtu mmoja alinde shamba, na mguu wa mama unauma. Akimtuma Hamisi, mtoto hatalala wala kusoma. Akienda mwenyewe, anaweza kuumia. Sasa tuna hadithi. Tuisome ilivyoandikwa upya:

"Jua lilipozama, Mama Tatu alimtazama mwanawe. Hamisi alikuwa amekaa kizingitini na daftari magotini. Kesho ilikuwa siku ya mtihani.

'Mama, leo ni zamu yangu?' aliuliza.

Mama Tatu hakujibu. Mguu wake ulikuwa umevimba tangu juzi alipoteleza mtoni. Mume wake alikuwa Kidatu akikata miwa. Na jana usiku tembo walikuwa wameingia kwa jirani. Waliacha mabua yaliyolala chini na nyayo kubwa kama sinia.

Alichukua debe na rungu la kulipigia. Akachukua na fimbo.

'Wewe soma,' alisema. 'Nitalinda mimi.'

Alipofika chini ya dungu, alisimama. Ngazi ilikuwa na vipandio saba."

Ndugu msomaji, tazama mambo matatu.

Kwanza, mtunzi hakusema "mama alikuwa maskini". Alitueleza kuwa mume yuko mbali akikata miwa, na kuwa shamba moja linalindwa na mtu mwenye mguu mbovu. Umaskini tumeuona wenyewe.

Pili, mtunzi hakusema "mama alimpenda sana mwanawe". Alisema "Wewe soma. Nitalinda mimi." Upendo tumeusikia katika maneno hayo.

Tatu, mtunzi ameacha mahali penye wasiwasi. Vipandio saba ni kitu kidogo kwa mtu mzima. Kwa mguu uliovimba ni mlima. Tunataka kujua: je, atapanda? Tembo watakuja? Hamisi ataweza kusoma huku akijua mama yuko gizani?

Mwisho wa hadithi hii bado haujaandikwa. Hiyo ni kazi yako, nawe utaipata mwisho wa somo.

5. HADITHI SI UMBEA

Jambo hili ni muhimu sana. Lisome polepole.

Hadithi nyingi hutokana na mambo ya kweli. Lakini ukiandika kwamba fulani wa nyumba ya tatu alikula fedha za kikoba, ukataja jina lake na jina la mkewe, hujatunga hadithi. Umemkashifu mtu. Unaweza kuitwa katika baraza, na undugu unaweza kuvunjika. Watoto wake watasoma maneno yako.

Fanya hivi:

Badili jina, kazi na kijiji.
Changanya watu wawili au watatu wapate kuwa mtu mmoja mpya.
Ongeza jambo ambalo halikutokea, lakini lingeweza kutokea.
Siri uliyoambiwa kwa kuaminiwa, usiiandike.

Kisha jiulize swali kubwa: huyu mtu mbaya wa hadithi yangu, mimi namwelewa? Aliyekula fedha za kikoba huenda alikuwa na mtoto mgonjwa. Huenda alidhani atazirudisha Jumamosi. Hilo halimfanyi kuwa na haki. Lakini humfanya kuwa mtu. Hadithi yenye shetani mmoja na malaika mmoja huchosha haraka. Hadithi yenye watu hukumbukwa.

Hapo ndipo mtunzi anapokua, na si kalamu yake tu. Anajifunza kumtazama jirani yake kwa jicho jingine.

6. MAWAZO YANAYOTUZUIA

Adui wa mtunzi mara nyingi yuko kichwani mwake. Tumjibu.

"Mwandiko wangu ni mbaya." Mwandiko ni nguo tu. Hadithi ni mwili. Kama unasomeka, inatosha.

"Sijui Kiswahili cha vitabuni." Andika Kiswahili unachosema. Neno la Kisagara au la Kikaguru likikosa mwenzake katika Kiswahili, liache hapo na ulieleze kwa maneno machache. Kitereza alianza kwa Kikerewe.

"Mimi ni mzee." Kitereza alikuwa na zaidi ya miaka themanini kitabu chake kilipochapishwa.

"Sina muda." Anton Chekhov wa Urusi alikuwa daktari. Alitibu wagonjwa na aliandika hadithi fupi zinazosomwa dunia nzima mpaka leo. Nawe una robo saa.

"Nani ataisoma?" Wataisoma wenzako darasani. Wataisoma wajukuu zako. Na ukikomaa, milango ipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2023. Lakini usianze kwa kufikiria tuzo. Anza kwa kumfikiria mtu mmoja unayempenda, umwandikie yeye.

Utakapoandika hadithi tano, ya kwanza utaiona dhaifu. Usiichane. Ihifadhi. Itakuonyesha umbali uliokwenda.

Basi, ndugu msomaji, chukua kalamu leo. Bandu bandu huisha gogo.

MANENO YA KUKUMBUKA

kubuni: kuunda jambo kwa mawazo yako
dungu: jukwaa la juu shambani la kukaa anayelinda mazao
kipandio: kijiti cha ngazi cha kukanyagia
kukashifu: kumharibia mtu jina lake
mhariri: mtu anayesahihisha na kupanga maandishi ya gazeti au kitabu

MASWALI

1. Shaaban Robert alifanya kazi gani huku akiandika vitabu?
2. Kitereza alingoja miaka mingapi tangu kumaliza kuandika mpaka kitabu kuchapishwa?
3. Penina Muhando alizaliwa kijiji gani cha wilaya ya Kilosa?
4. Taja tabia tano za mtunzi. Ipi ni ngumu zaidi kwako? Kwa nini?
5. Katika hadithi ya Mama Tatu, tunajuaje kuwa anampenda Hamisi?
6. Kuna tofauti gani kati ya hadithi na umbea?

KAZI YA KUFANYA

(a) Kwa siku saba, andika kila siku jambo moja dogo uliloliona au kulisikia. Mstari mmoja unatosha.

(b) Malizia hadithi ya Mama Tatu na Hamisi kwa ukurasa mmoja. Kumbuka: usituambie kuwa mtu ana hofu. Tuonyeshe anafanya nini kwa mikono yake, na anasema nini.

(c) Mtembelee mzee mmoja kijijini kwako. Mwombe akusimulie jambo moja la ujana wake. Liandike, kisha rudi umsomee. Mwulize kama ndivyo alivyosema. Acha nakala moja nyumbani kwake.

(d) Wiki ijayo kila mwanakisomo asome kazi yake darasani. Wasikilizaji waseme jambo moja walilolipenda na jambo moja wasilolielewa. Mwalimu naye asome yake.